Kwao ni Wapi? Lord Harris, Kriketi na Utawala

George Robert Canning Harris alizaliwa kisiwani Trinidad tarehe 3 Februari 1851. Ukoo wa baba yake haukuwa na mizizi Karibiani; baba alikuwa gavana wa kisiwa, basi. Miaka michache baadaye baba akahamishiwa Madras, kusini mwa India, akawa gavana huko pia. Wala India haikuwa ngeni kwa ukoo huo. Baba wa babu yake, Jenerali George Harris, ndiye aliyeongoza jeshi la Waingereza lililoiteka Seringapatam mwaka 1799, siku ambayo Tipu Sultan aliuawa akiutetea mji wake. Kwa kazi hiyo jenerali alipewa ulodi, na cheo chenyewe kikabeba kumbukumbu ya vita: Baron Harris wa Seringapatam na Mysore, na wa Belmont katika kaunti ya Kent. Mwaka 1872 cheo kilimfikia mzaliwa wa Trinidad, kijana wa miaka 21 ambaye bado alikuwa mwanafunzi Oxford. Kitovu chake kilizikwa Karibiani, nyumba ya ukoo ipo Kent, na jina la heshima limetwaliwa kwa upanga kutoka India. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, kwao Lord Harris ni wapi hasa? Katika miaka 81 aliyoishi hakuna aliyemtaka alijibu swali hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza wenziwe.

Aliwauliza kwa muda mrefu, tena akiwa kwenye viti viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kriketi. Alikuwa nahodha wa shule ya Eton, nahodha wa Kent, nahodha wa Uingereza, rais wa klabu ya MCC mwaka 1895, kisha mhazini wake tangu 1916 hadi kufa kwake. MCC yenye makao yake katika uwanja wa Lord's, London, ilikuwa klabu ya watu binafsi, lakini ndiyo iliyotunga sheria za mchezo kwa dunia nzima. Kiti cha pili kilikuwa cha siasa: mjumbe wa Baraza la Malodi kwa kurithi, naibu waziri katika wizara ya India mwaka 1885, naibu waziri wa vita tangu 1886, na gavana wa Bombay kuanzia 1890 hadi 1895. Wanaomsifu humwita baba wa kriketi ya India. Wanaomlaumu husema alikuwa gavana aliyeacha kazi ya watu akaenda kucheza mpira. Pande hizi mbili zinabishana, lakini zinakubaliana juu ya jambo moja, kwamba kriketi na utawala vilikuwa vitu viwili, na kwamba alichokipa kimoja alikinyima kingine. Hapo ndipo ninapotofautiana na wote. Ukimfuata Harris kutoka uwanja hadi ofisi na kurudi tena uwanjani, unaona kazi moja tu ikifanywa mahali pawili: kupanga nani ana haki ya kusimama wapi, na kuhakikisha kwamba mwenye kupanga hapangwi.

Tuanze na mchezo wenyewe ulivyokuwa enzi za Malkia Victoria. Timu moja ya kaunti ilikuwa na watu wa tabaka mbili. Walikuwapo mabwana, waliocheza kwa ridhaa, na walikuwapo wachezaji wa kulipwa, wengi wao watoto wa mafundi, wachimba makaa na vibarua wa mashamba. Walitoka kwenye milango tofauti, wakabadilishia nguo vyumba tofauti, na hata kwenye karatasi za matokeo majina yao yaliandikwa kwa namna tofauti ili msomaji asichanganye bwana na mtwana. Unahodha ulikuwa wa mabwana. Harris aliingia katika mpangilio huu kama samaki aliyerudishwa majini. Si kwamba alibebwa. Alikuwa mpigaji hodari kweli, na katika mechi za daraja la kwanza alikusanya mikimbio 9,990. (Ilibaki 10 tu atimize 10,000, na inaelekea hakuona sababu ya kuhangaika nayo.) Lakini kipaji chake kikubwa kilikuwa kuamua. Akiwa bado kijana wa Eton, katika mechi ya mwaka 1870 dhidi ya Harrow pale Lord's, mpinzani aliyekuwa upande wa mrushaji alitoka kwenye mstari wake kabla mpira haujarushwa. Harris akaangusha vijiti vyake, yule akatolewa. Sheria iliruhusu. Wengi waliona si uungwana, yeye akaona sheria ni sheria, na kwa kijana wa miaka 19 huo ulikuwa mwanzo unaoeleza mengi.

Jaribio kubwa la kwanza lilimkuta Sydney tarehe 8 Februari 1879. Alikuwa ameongoza timu ya Waingereza hadi Australia, na siku hiyo walikuwa wakicheza na New South Wales mbele ya umati mkubwa, wengi wao wakiwa wameweka fedha zao kwenye kamari. Mwamuzi mmoja, George Coulthard, alikuwa kijana kutoka Melbourne aliyeletwa na Waingereza, na kati ya Sydney na Melbourne hakujawahi kuwa na mapenzi. Coulthard alipomtoa Billy Murdoch, mpigaji kipenzi cha wenyeji, watu wakamiminika uwanjani, hadi 2,000 hivi. Nahodha wa New South Wales akataka mwamuzi abadilishwe. Harris akakataa. Mtu mmoja akamchapa kwa fimbo. Mwenzake Hornby akamkamata yule mtu na kumburuta hadi kwenye jengo la klabu, shati la Hornby likichanikachanika njiani. Harris hakuondoka. Alijua kwamba timu ikitoka uwanjani inaweza kuhesabiwa imekubali kushindwa, kwa hiyo alisimama pale katikati ya majani, amezungukwa na watu wanaomzomea, akingoja saa ya kufunga mchezo ifike. Mwamuzi wa pili siku hiyo, aliyesimama naye, alikuwa mwanasheria kijana aitwaye Edmund Barton, ambaye mwaka 1901 alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Australia.

Ninaikalia picha hii kwa sababu inatupa upande wake wenye heshima, nao haupaswi kufichwa. Mtu mwingine angeweza kumtoa kafara Coulthard ili umati utulie. Harris aliona kwamba mwamuzi akibadilishwa kwa kelele za wacheza kamari, mchezo umekwisha. Wala hakuweka kinyongo cha kudumu: Waaustralia walipofika Uingereza mwaka 1880 wakakuta milango mingi imefungwa kwa sababu ya fujo za Sydney, yeye aliyechapwa fimbo ndiye aliyekubali kuongoza timu ya Uingereza dhidi yao katika uwanja wa Oval mwezi Septemba, mechi ya kwanza ya Test, yaani ya mataifa, kuchezwa katika ardhi ya Uingereza. Vivyo hivyo mwaka 1885 Kent, kwa msimamo wa Harris, iligoma kurudiana na Lancashire, kwa madai kwamba warushaji wa Lancashire walikuwa wakikunja kiwiko na kuutupa mpira kama jiwe. Hapa palikuwa na ujasiri. Lakini itazame sura ya ujasiri huo. Kila mara upo umati upande mmoja na Harris upande wa pili. Umati una hisia, yeye ana kanuni. Na ni yeye anayejua kanuni inasema nini. Uwanjani, kwa saa chache, mpangilio huo unafaa. Mchezo hauwezi kuchezwa bila mwamuzi. Shida huanza mtu anapoondoka uwanjani akiamini kwamba nchi nazo ni hivyo hivyo, na kwamba yeye amezaliwa na filimbi mdomoni.

Wala hakuwa peke yake katika imani hiyo. Mwaka 1884, katika mechi ya Oval ambayo Harris alikuwa nahodha, Waaustralia walipiga hadi kila Mwingereza akapewa mpira arushe, wote 11. Zamu ilipomfikia Alfred Lyttelton, mlinda wiketi, alirusha mipira ya chini kwa chini ya kitoto na akawatoa wanne kwa mikimbio 19 tu. Lyttelton huyu, mwana wa lodi, ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni mwezi Aprili 1905 wakati Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo, ilipohamishwa kutoka wizara ya mambo ya nje kwenda kwenye wizara yake. Yaani watu waliokuwa wakirushiana mpira siku ile ndio hao hao waliogawana mafaili ya mabara. Harris naye alipewa Bombay na serikali ya Lord Salisbury, waziri mkuu yule yule ambaye mwaka huo huo wa 1890 aliafikiana na Wajerumani juu ya mipaka ya pwani yetu na kuitia Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza.

Bombay aliyoikuta haikuwa ikingoja kufundishwa kriketi. Waparsi wa mji huo walianzisha klabu yao ya kwanza mwaka 1848, miaka mitatu kabla Harris hajazaliwa. Walisafiri hadi Uingereza kucheza mwaka 1886 na tena 1888, na mwezi Januari 1890, kabla gavana mpya hajatua, waliifunga timu ya Waingereza iliyozuru chini ya G. F. Vernon. Walichokosa ni mahali. Uwanja mpana wa wazi katikati ya mji ndipo vijana wa Kihindi walipochezea, kila kikundi na kipande chake. Pembeni palikuwa na Bombay Gymkhana, klabu ya Wazungu watupu, yenye kiwanja cha majani yaliyokatwa vizuri ambacho mwenyeji hakuruhusiwa kukikanyaga kama mwanachama. Hilo lilivumilika. Lisilovumilika ni kwamba maofisa wa Kizungu walitoka kwenye klabu yao wakaja kuchezea polo kwenye kile kipande cha wenyeji. Kwato za farasi zikifukua ardhi, mpira wa kriketi hauwezi tena kudunda sawasawa: utaruka usoni mwa mpigaji au utajikunyata chini kama panya. Farasi wachache mara chache kwa wiki waliwaharibia mamia ya wachezaji kila siku. Waparsi walilalamika miaka mingi, na mmoja wao, Shapurji Sorabji, aliandika kitabu kizima juu ya mapambano hayo kilichotoka mwaka 1897. Mwaka 1890 maombi yaliyotiwa sahihi na wenyeji zaidi ya 1,000 yalifika mezani kwa Harris yakitaka polo ihamishwe. Aliyakataa.

Huyu ni gavana aliyeipenda kriketi kuliko kitu chochote, na anayeombwa kuilinda kriketi. Kama mapenzi yake kwa mchezo ndiyo yaliyoongoza serikali yake, kama wanavyodai wanaomlaumu, angeamuru farasi waondoke kabla ya chakula cha mchana. Hakufanya hivyo kwa sababu kilichokuwa mezani si mchezo bali daraja: waombaji ni umati, wapanda farasi ni maofisa. Miaka miwili baadaye, Waislamu wa Bombay walipoomba kiwanja cha klabu yao, aliwapa, kipande cha ardhi kwenye ufuko uliofukiwa. Aliandika serikalini kwamba haoni namna ya kuwakatalia, maana Waparsi walikuwa wameshapewa kabla yake, lakini kila jamii ikishapata klabu moja yenye wasimamizi wa kuheshimika hatatoa zaidi. Wahindu nao wakapata chao mwaka 1894. Hadi leo klabu hizo zimepangana kando ya bahari jijini Mumbai, Bombay ya zamani: ya Waparsi, ya Waislamu, ya Wahindu. Mtu akizitazama anaweza kusema, tazama ukarimu wa Harris. Mimi naona ramani. Kila mtu kwao, na kwao kumechorwa kwa dini.

Mpangilio ule uligeuka mashindano. Mechi za Wazungu na Waparsi zilipata nguvu kubwa tangu 1892, Wahindu wakaingia mwaka 1907, Waislamu mwaka 1912, na mwaka 1937 ikaundwa timu ya tano ya jamii zilizobaki. Hapa ndipo hoja ya ubaba inapojengwa, nayo ina uzito. Mashindano yale yalijaza viwanja na kuzalisha wachezaji ambao bila hayo tusingewasikia. Harris aliyahimiza, alihudhuria, alialika timu kucheza Ganeshkhind, makazi yake katika mji wa Poona. Lakini baba ni yule anayemlea mtoto akue, si yule anayempimia urefu wa mwisho. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1921, Harris alieleza kwamba Mhindi hatamfikia Mwingereza, kwa sababu anakosa subira.

Subira. Katika siku ambazo Harris alikuwa gavana, kwenye klabu ya Wazungu pale pale Poona alikuwapo kijana aitwaye Palwankar Baloo, wa jamii ya watengeneza ngozi ambao Wahindu wa tabaka za juu hawakutaka hata kuwagusa. Kazi yake ilikuwa kuvingirisha jiwe juu ya kiwanja, kufunga nyavu na kuweka alama, kwa mshahara wa rupia 4 kwa mwezi. Siku moja mabwana wakamruhusu awarushie mipira ya mazoezi. Aliwarushia siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, kwa mkono wa kushoto, akijifunza kuukunja mpira upite pembeni mwa gongo. Habari zilienea kwamba Kapteni J. G. Greig, mpigaji bora wa Wazungu wa India, alikuwa akimpa nusu rupia kila anapomtoa. Katika muda wote huo hakuna aliyempa gongo naye apige. Kupiga kulikuwa kwa mabwana. Klabu ya Wahindu ilipotambua kwamba bila yeye haiwezi kuwafunga Wazungu, ikamwita. Uwanjani waligusa mpira ule ule aliougusa, lakini wakati wa chai yeye alipelekewa yake nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa. Mwaka 1906 Wahindu waliwafunga Wazungu wa Bombay, Baloo akiwa ndiye mrushaji wao. Mwenye kutaka kusema mtu huyu alipungukiwa na subira ana kazi kubwa.

Tukio ambalo wapinzani wa Harris hulitaja kwanza ni la mwezi Agosti 1893. Ijumaa ya tarehe 11, baada ya sala, ghasia za Wahindu na Waislamu zililipuka Bombay na kudumu siku kadhaa. Makumi ya watu waliuawa, na maelfu wakaukimbia mji. Gavana alikuwa Poona. Mwanahistoria Ramachandra Guha ameandika kwamba alirejea siku ya tisa, na hasa kwa ajili ya mechi ya kriketi. Ni shtaka linalonata, na mtu asiyeipenda kriketi hatahitaji jingine. Hata hivyo nadhani linamkamata kwa kosa dogo na kuliachia kubwa. Tuseme angerudi siku ya pili akapanda farasi mbele ya askari. Fimbo ingepunguza moto siku mbili mapema. Lakini fikra yake juu ya Bombay ingebaki ile ile: kwamba mji ni makabila yenye hasira za asili, na kazi ya serikali ni kuyatenga na kuamua kati yao. Kwa mtu mwenye fikra hiyo ghasia hazishangazi, zinathibitisha. Mwaka mmoja baada ya maiti kuzikwa na kuchomwa alikuwa akifungua klabu ya Wahindu hatua chache kutoka ile ya Waislamu, na hakuna dalili kwamba aliona kitu cha kumfikirisha.

Atasimama mtu aseme: unamwonea, huyu alikuwa mtoto wa zama zake. Hoja hii inapendwa kwa sababu inamsamehe kila mtu kwa bei ya rejareja. Zama zake zilikuwa na watu wengi ndani yake. Waombaji 1,000 wa mwaka 1890 walikuwa wa zama zake. Magazeti ya Bombay yaliyomchambua bila huruma mpaka siku anapanda meli kurudi kwao yalikuwa ya zama zake. Kusema kwamba wakati ule kila mtu aliona hivyo ni kuwatoa wenyeji kwenye hesabu ya kila mtu, jambo ambalo ndilo hasa Harris alilolifanya.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine. Mtu anaweza kusema Harris hakubagua rangi, alishika sheria tu, na alishika kwa Mzungu kama kwa Mhindi. Ushahidi wake ni Wally Hammond. Mwaka 1922 Hammond alikuwa kijana mdogo anayechezea Gloucestershire, na waliomwona walijua ni kipaji cha ajabu. Harris, wakati huo mzee wa miaka 71, aligundua kwamba kijana alizaliwa Dover, ndani ya Kent, na kwamba hajatimiza miaka miwili ya kukaa Gloucestershire inayotakiwa na kanuni. Hammond akazuiwa msimu uliobaki. Watu walinung'unika, na Lord Deerhurst wa Worcestershire husimuliwa kuwa alimpongeza Harris hadharani, kwa matusi, kwa kumharibia kijana mwingine njia yake. Kwa hiyo, husemwa, mzee alikuwa mkali kwa wote. Nakubali kwamba hakutaka kumdhuru Hammond kwa sababu ya rangi. Lakini jiulize kwa nini Hammond alizaliwa Dover. Baba yake alikuwa askari, na askari huzaa pale jeshi lilipomweka. Mtoto alilelewa Hong Kong na Malta kabla hajafikishwa shule huko Gloucestershire. Harris alizaliwa Trinidad kwa sababu hiyo hiyo: baba alikuwa kazini kwa ufalme. Mmoja mwana wa gavana, mwingine mwana wa askari. Wa kwanza alikuwa na Belmont, nyumba ya ukoo, na kanuni za kaunti zilitambua nyumba ya ukoo. Wa pili alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, ndiyo, ila iliandikwa na watu wenye nyumba.

Kumbuka pia kisa cha Ranjitsinhji. Mwaka 1896 mwana huyu wa ukoo wa watawala wa Nawanagar, India, alikuwa mpigaji mkali kuliko karibu wote Uingereza, akiwa ameishi huko tangu 1888. Kamati ya Lord's haikumchagua kwa mechi ya Test dhidi ya Australia. Wengi wanaoandika historia humnyooshea kidole Harris, aliyekuwa na sauti kubwa pale na aliyejulikana kuwachukia wachezaji aliowaona ni ndege wa kupita. Mechi iliyofuata ilikuwa Old Trafford, ambako wakati huo timu ilichaguliwa na watu wa Lancashire, nao wakamwita. Alipiga 62, kisha 154 bila kutolewa. Aliyezaliwa Kathiawar alionekana si wa Uingereza. Aliyezaliwa Trinidad alikuwa ameshaiongoza Uingereza mara nne.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kuitambua ramani hii. Neno jimkhana tunalo, lilikuja na majahazi na meli za kutoka ng'ambo ile, na halikuja peke yake. Nairobi kulikuwa na klabu ya Wagoa, klabu ya Waislamu ya Sir Ali, jimkhana ya Wahindi ya Suleiman Verjee, klabu za Wazungu. Walicheza wao kwa wao na wao dhidi ya wao, Wazungu dhidi ya Waasia, maofisa dhidi ya walowezi, huku Mwafrika akiokota mpira na kumwagilia majani. Si Harris aliyekuja kuzipanga. Hakuwa na haja. Namna ile ya kupanga watu ilikuwa imeshageuka mazoea ya kila gavana, kama kofia ngumu nyeupe. Na huko India kwenyewe ilichukua hadi mwaka 1940 ndipo Gandhi aliposema wazi kwamba timu za dini zinamchukiza, na hadi 1946 mashindano yale ya Bombay yakafikia mwisho.

Aliporudi Uingereza Harris hakushika tena madaraka makubwa ya kisiasa. Alikuwa mhudumu wa heshima wa Malkia, akaenda vitani Afrika Kusini, akawa mwenyekiti wa Consolidated Gold Fields, kampuni ya dhahabu ya huko huko, kwa karibu miaka 30. Nguvu zake zilibaki Lord's. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 60, alivaa tena nguo nyeupe za Kent kwa mechi ya mwisho ya daraja la kwanza. Wapinzani walikuwa timu ya kwanza ya India nzima kuzuru Uingereza, Waparsi, Wahindu na Waislamu pamoja chini ya Maharaja wa Patiala, na mrushaji wao mkuu wa ziara ile, aliyeangusha wiketi zaidi ya 100, alikuwa Palwankar Baloo.

Mwaka 1926 mkutano wa kriketi wa himaya, Harris akiwa miongoni mwa wazee wake wakuu, uliwakubalia West Indies, New Zealand na India kucheza mechi za Test. Lazima aandikiwe hilo upande wa mema. Alifariki Belmont tarehe 24 Machi 1932. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Juni, C. K. Nayudu aliiongoza India kuingia uwanjani Lord's kwa Test yake ya kwanza, na kabla ya chakula cha mchana Uingereza ilikuwa imepoteza wiketi 3 kwa mikimbio 19. West Indies walitangulia kufika hapo, mwaka 1928, mzee akiwa bado mhazini. Katika timu yao alikuwamo Learie Constantine, mzaliwa wa Trinidad, ambaye baadhi ya wazee wake wa vizazi viwili nyuma walikuwa watumwa. Mwaka 1969 Constantine akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika Baraza la Malodi. Alipoulizwa cheo chake kiandikwe cha wapi, kiliandikwa Baron Constantine wa Maraval katika Trinidad na Tobago, na wa Nelson katika kaunti ya Lancashire.